Taa za mapambo mtaani kwetu Mwanjelwa: nani anunue umeme wake?

Kona ya Vitenge (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vitenge na mashuka Mwanjelwa, mtaa wa ndani, siyo kule barabarani. Naomba mawazo yenu kabla sijagombana na majirani kwa mara ya pili.

Mnaoijua Mbeya mnajua ikifika saa moja na nusu usiku baridi imeshashuka kutoka mlima Loleza, kila mtu amejifunga mtandio anataka kwenda kwake. Mtaa wetu unakuwa mweusi tii. Novemba ya mwaka jana maduka 22 tukakubaliana tuweke taa za rangi juu ya njia, kutoka kona hadi kwenye ule mtaro mkubwa. Kila duka lilitoa 15,000. Ikapatikana 330,000. Tukanunua gulopu 60 za rangi, holda, waya, na fundi akalipwa.

Usiku wa kwanza ulikuwa mzuri jamani. Ukungu umetanda, halafu zile nyekundu na za bluu zinaonekana kama zinaelea zenyewe. Nilipiga picha nikamtumia dada yangu Tukuyu, akadhani nimesafiri. Watu wakawa wanakatisha kwetu kwa makusudi. Mama wa chipsi aliishiwa viazi saa mbili.

Shida ilikuwa umeme. Tuliunganisha kwenye duka la mzee mmoja wa kona, tukamwahidi kuchangia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Wiki ya kwanza alinunua mwenyewe akanyamaza. Wiki ya pili akapita kuomba, nusu wakatoa, nusu wakasema "njoo kesho". Akanunua ya 20,000, ikaisha kwa siku mbili. Tarehe 19 Desemba, siku sita kabla ya Krismasi, akachomoa waya. Gulopu ziko kwenye boksi stoo kwangu na mzee hajanisalimia hadi leo.

Mwaka huu watu wanataka tena. Wengine wanasema tuchange zaidi, wengine tuombe halmashauri kwa kuwa ushuru wa huduma tunalipa, wengine tutafute kampuni itudhamini. Nyie mnasemaje?

Bajaji ya Soweto

Mwaka jana niliziona. Nikajua kuna harusi.

Jicho Kavu

Yaani mtaro umejaa taka, choo cha jirani kinafurika, nyie mnataka kumetameta. Waafrika bwana.

Kona ya Vitenge

Jicho Kavu, mtaro tulizibua wenyewe mwezi wa tatu. Njoo uuone.

Fundi wa Nguzo

Dada pole, lakini hapo mlijichoma wenyewe. Hizo gulopu ni za watt ngapi? Na zilikuwa zinazimwa saa ngapi?

Kona ya Vitenge

Boksi limeandikwa 40W. Kuzima, kwa kweli mzee alikuwa anafunga duka saa moja anaondoka, kwa hiyo zilikuwa zinawaka mpaka anaporudi asubuhi.

Fundi wa Nguzo

Basi hesabu ndiyo hii. Gulopu 60 mara watt 40 ni watt 2,400. Zikiwaka kwa saa 11 ni uniti 26.4 kwa usiku mmoja. Duka liko kwenye T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292, na ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 unafika kama 356. Kwa hiyo usiku mmoja ulikuwa unakula kama 9,400. Ile 20,000 ya mzee kuisha siku mbili haikuwa wizi wala mita mbovu. Kwa mwezi ingekuwa 282,000, yaani karibu mchango wenu wote wa vifaa. Na kwenye LUKU hiyohiyo mzee anakatwa kodi ya jengo kila mwezi. Mimi namwelewa kabisa, ningechomoa wiki ya kwanza.

Sasa chukua LED. Taa 120 za watt 3 ni watt 360 tu. Ziwashe saa moja jioni, zizime saa tano usiku. Saa nne hizo ni uniti 1.44. Kwa mwezi ni uniti 43, kama 15,400. Taa ni mara mbili ya zile za mwanzo na gharama haifiki hata siku mbili za gulopu zenu.

Niulize kingine: waya mlitumia wa aina gani?

Kona ya Vitenge

Ule mwembamba mweupe wa nyaya mbili. Fundi alisema unatosha.

Fundi wa Nguzo

Mungu aliwahurumia. Watt 2,400 ni karibu ampia 10 na nusu. Ule waya ni wa redio na taa ya mezani. Ulikuwa unapata moto kila usiku juu ya vibanda vya mbao na maturubai. Na Desemba kwetu ni mvua, holda za ndani zinajaa maji. Mtaa wenyewe ni Mwanjelwa. Soko liliungua 2006, la Sido likaungua 2017. Mji huu haupaswi kufundishwa habari ya moto.

Mtoto wa Sido

Fundi umenikumbusha mbali. 2017 mimi nilipoteza meza mbili za viatu. Mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua naamka. Dada, taa nazipenda, ila mkifunga kienyeji mimi nitakuwa wa kwanza kuzichomoa, simsubiri mzee.

Mjanja wa Ilomba

Mnateseka bure. Nyuma ya maduka si kuna nyumba za watu? Tafuteni yenye mita ya D1, uniti ni shilingi 100. Unganisheni huko, mlipeni mwenye nyumba elfu tano kwa mwezi. Kwisha.

Fundi wa Nguzo

Mjanja, hiyo njia nimeshaona mwisho wake. D1 ni ya nyumba yenye matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ikitumia 45 zake, ukaongeza 43 za taa, umeshavuka. Bei juu ya 75 inaruka hadi 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamishwa T1. Mwenye nyumba atabaki analipa bei ya juu Januari, Februari na Machi, taa zenu zimeshashushwa zamani. Halafu T1 ndiyo kundi lililowekwa kwa ajili ya maduka na taa za barabarani pia. Mahali penu ni hapo.

Mhasibu Mstaafu

Mwanangu Kona, nimesoma mpaka hapa. Nizungumzie hilo la halmashauri kwa kuwa nimekaa ndani ya hizo bajeti miaka mingi, siyo Mbeya lakini utaratibu ni uleule.

Ushuru wa huduma mnaolipa unatokana na mauzo ghafi, na kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3. Ukishalipwa unaingia kwenye mapato ya ndani pamoja na ushuru wa masoko, leseni, stendi, vyote chungu kimoja. Hauna jina la mtaa wenu. Kutoka chungu hicho kuna posho, kuna uendeshaji, kuna asilimia 10 ya mikopo ya vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), kuna madarasa na zahanati. Diwani akisimama barazani kuombea taa za rangi wakati kata ya jirani inaomba tundu la choo cha shule, unajua nani atapigiwa makofi.

La pili ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Maombi yanatakiwa yatoke mtaani, yapite kamati ya maendeleo ya kata, yafike halmashauri ambako bajeti hupikwa kati ya Januari na Machi hivi. Ukienda Novemba kuomba taa za Desemba, afisa atakupokea vizuri, barua itapigwa muhuri, na hakuna kitakachotokea. Si ubaya wake.

La tatu, barabara ni ya nani? Kama ni ya mtaa iko kwa TARURA tangu 2017. Kama ni kuu iko TANROADS. Nguzo za umeme ni za TANESCO. Kutundika waya juu ya njia mnahitaji ruhusa ya mwenye njia, na nguzo ya TANESCO msiiguse. Ruhusa haina bei kubwa, lakini kuikosa kuna bei.

Kwa hiyo halmashauri msiiombe fedha. Iombeni ruhusa, na iombeni taa za kawaida za barabarani kwenye bajeti ijayo.

Kona ya Vitenge

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Kwa hiyo hata mwaka jana tulitundika bila ruhusa.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Yaliyopita si ndwele.

Nyalukolo wa Miomboni

Kamwene wandugu. Niko Iringa. Sisi huku upepo wa Julai unang'oa hata bango, sijui kamba ya taa. Ila nataka kumuunga mkono mzee: taa za kawaida kwanza. Pale mjini barabara zikiwa na taa nzuri watu wanatembea, zikizimika hata ungepamba vipi mwanamke na mkoba wake hapiti. Mapambo ni chumvi, hayawi ugali.

Jicho Kavu

Hatimaye mtu mwenye akili.

Mlimani Ughaibuni

Nyalukolo, sikubaliani na wewe kidogo. Nipo Kanada, jiji la Toronto. Kuna mtaa wa maduka hapa unaitwa Bloor West Village. Miaka ya sitini treni ya chini ya ardhi ilifika kwao, watu wakawa wanapita chini kwa chini badala ya kutembea juu, na maduka makubwa ya pembeni yakawavuta wengine. Wenye maduka walianza kama nyie, kwa kuchanga hiari. Na kama nyie, wengine wakatoa, wengine wakafurahia taa za wenzao bila kulipa. Mwaka 1970 wakapata sheria: wenye biashara wa eneo wakikubaliana, mchango unakuwa lazima kwa wote, mji unaukusanya pamoja na kodi halafu unawarudishia wenyewe watumie kwenye eneo lao. Taa, maua, viti. Huo ndio unaohesabika kuwa mtaa wa kwanza duniani kwa mtindo huo, leo umeenea nchi nyingi.

Uingereza nao walitunga sheria yao 2003. Kule wanapiga kura, na kura inatakiwa ishinde mara mbili: kwa idadi ya waliopiga, na kwa thamani ya majengo yao, ili wadogo wengi wasiwaburuze wakubwa wala mkubwa mmoja asiwaburuze wadogo. Miaka mitano ikiisha wanapiga tena.

Hata hao wakubwa wanakwama. London, mtaa wa Regent Street ulianza taa zake za Krismasi 1954 kwa fedha za wenye maduka wenyewe. Oxford Street wakafuata 1959. Lakini 1967 Oxford Street wakazima, hali ya fedha mbaya, zikarudi 1978. Miaka 11 gizani, na ni London.

Kona ya Vitenge

Hapo kwenye "wengine wakafurahia taa za wenzao bila kulipa" umeona mtaa wangu kabisa.

Mhasibu Mstaafu

Mlimani, darasa zuri. Kwetu halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo, lakini mtaa wa maduka 22 kusubiri sheria ndogo ni kupanda mparachichi kwa ajili ya chakula cha mchana.

Dalali wa Kabwe

Mimi niseme habari ya wadhamini maana imeachwa. Mtaa mmoja niliokuwa nakodisha fremu, kampuni ilikuja na taa, na rangi, na spika. Tukashangilia. Sharti likawa kila ukuta upakwe rangi yao, na mabango yao yawe juu ya mabango yetu. Mteja anakuja kutafuta duka la dawa hakuti jina, ukuta mzima ni rangi moja. Promosheni ikaisha wiki sita, wakaja na ngazi wakashusha taa zote hadi misumari. Rangi wakatuachia. Halafu akaja mtu wa ushuru wa mabango anauliza ukuta huu nani alipie.

Simtaji mtu. Ila mkipata mdhamini, andikishianeni taa zinabaki kwa nani na bango analipia nani.

Bajaji ya Soweto

Sola je? Mafundi mnatuficha sola.

Fundi wa Nguzo

Hatuwafichi. Sola inataka jua mchana ili ilipe usiku. Desemba mpaka Aprili Mbeya kuna siku jua linapiga hodi tu na kuondoka. Taa za sola za bei ndogo zitawaka kwa saa mbili tu, zinakufa mapema. Zenye betri ya maana bei yake siyo ya mchango wa 15,000, na betri ina miguu. Umeme wa gridi kwa 15,400 kwa mwezi, mimi sioni sababu.

Vifaa sasa: kamba za LED za nje zenye holda za mpira, waya mnene wa nje, breka ya kukata umeme ukivuja, na taima. Fundi awe na leseni ya EWURA, mwombeni awaonyeshe. Na nyaya zipite juu kiasi cha gari la maji na la zimamoto kuingia, msije mkaufunga mtaa.

Mama Chipsi wa Mtaroni

Habari zenu. Mimi ndiye niliyeishiwa viazi saa mbili. Nimetumiwa huu uzi na mwanangu. Nimesoma wote, mnaongea maduka 22, maduka 22. Kwani maduka ndiyo yanauza usiku? Wenye maduka wanafunga saa moja wanakwenda kwao. Tunaobaki chini ya hizo taa ni sisi: mimi, wa mihogo wawili, wa mahindi, wa kahawa, wale vijana wa mitumba ya chini, na kijiwe cha bajaji. Tuko 17. Mwaka jana hakuna aliyetuita kwenye kikao. Walituogopa tutasema hatuna.

Mimi natumia taa ya kuchaji, naipeleka kwa kijana anachaji, 500 kila siku. Taa za mtaa zilipowaka sikuipeleka siku 18. Hesabuni wenyewe. Mkiniambia nitoe 100 kila usiku nitaitoa kabla sijawasha jiko.

Jicho Kavu

Kwa hiyo sasa umeme wa matajiri walipe mama lishe. Safi sana.

Mama Chipsi wa Mtaroni

Kijana, mimi sijasema nimlipie tajiri. Nimesema nanunua mwanga. Hata sasa naununua, tena kwa ghali. Wewe unakula wapi chipsi zako usiku?

Mhasibu Mstaafu

Mama ametupita wote. Nimechukua kalamu. Watu 17 mara 100 mara siku 30 ni 51,000. Toa umeme 15,400, inabaki 35,600 ya taa zilizoungua na fundi. Wenye maduka wabebe vifaa mara moja, kwa kuwa ndio wenye kuta na ndio mtaa unaowapatia jina. Wauzaji wa usiku wabebe umeme kidogo kidogo. Mama wa chipsi hawezi kutoa 15,000 kwa mkupuo, na mwenye duka anachoka kudaiwa kila wiki. Kila mmoja mpeni mzigo anaoweza kuubeba.

Kitu kimoja tu: daftari. Na anayekusanya asiwe anayenunua LUKU. Risiti ya LUKU ibandikwe ukutani, kila mtu asome uniti zilizonunuliwa.

Mtoto wa Sido

Na siku ya mvua mtu hajauza?

Mama Chipsi wa Mtaroni

Siku hajauza asidaiwe. Mbona ushuru wa meza ndivyo tunavyofanya wenyewe kwa wenyewe.

Nyalukolo wa Miomboni

Nafuta kauli ya chumvi na ugali. Sikujua kama mapambo yanaweza kuwa taa ya mtu ya kazi.

Kona ya Vitenge

Wakuu, ni wiki tatu tangu nilete uzi, narudi na majibu.

Tulikaa Jumapili, safari hii maduka na wauzaji wa usiku pamoja. Kelele zilikuwepo. Mwenye duka la simu alisema yeye anafunga saa kumi na mbili, taa hazimhusu. Mama Chipsi akamuuliza mwaka jana aliuza chaja ngapi ile wiki ya taa, akacheka, akatoa. Maduka 19 yametoa 20,000, matatu hayajatoa. Hatuwafukuzii.

Barua ya ruhusa ya kutundika tumepeleka kupitia mwenyekiti wa mtaa, na ya taa za kawaida za barabarani tumepeleka pamoja nayo ili isubiri bajeti. Fundi mwenye leseni amekuja kupima, amesema taa 96 zinatosha, siyo 120. Zile gulopu za stoo nimempa mfugaji mmoja wa vifaranga, Iyunga, za rangi hataki lakini amesema kuku hawachagui.

Mita tunaomba yetu wenyewe, kwa jina la kikundi. Ilikosekana tu pa kuifunga, na ukuta unaofaa ni mmoja, wa mzee wa kona. Nilikwenda na sukari kilo mbili. Hakunikaribisha kukaa, lakini sukari alipokea. Jana ameniita. Mita ifungwe ukutani kwake, amekubali. Ana sharti moja, swichi ikae ndani ya duka lake na yeye ndiye awe anawasha.

Fundi wa Nguzo

Dada, hapana. Taima nimewaambia ya nini? Mzee akiugua, akisafiri, akinuna, mtaa uko gizani. Swichi msimpe.

Kona ya Vitenge

Fundi, nimechelewa kukujibu, taa zimeshafungwa. Wewe huishi mtaa huu. Taima tumenunua, iko ndani ya boksi la breka juu, inafanya kazi yake. Swichi ya mzee nayo tumemfungia. Kila siku saa moja kasoro dakika moja anatoka na koti lake, anaibonyeza, taa zinawaka, na watoto wa mahindi wanampigia makofi.

Bajaji ya Soweto

Naomba kijiwe chetu kiandikwe kwenye daftari. Tuko sita.